Chanjo ya matone ya kuhara: mbona Ulaya inakinga karibu wote na kwetu nusu? Maswali ya kina mama wa kliniki

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Dar es Salaam, upande wa Temeke. Kina mama hufika alfajiri kuwahi foleni ya mzani, na maswali mengi huulizwa hapo hapo kwenye benchi huku mtoto anabembelezwa. Siku hizi kuna moja linalorudi kila wiki. Mtu amesoma kwenye simu kwamba chanjo ya matone ya kuhara inakinga zaidi ya asilimia 90 Ulaya, na Afrika karibu nusu tu. Anakuja na simu mkononi ananionyesha: "Sista, hii tunayopewa sisi ni ipi?" Ni swali zuri na linastahili jibu kamili, ila foleni hainipi nafasi ya kulijibu lote. Nimeliandika hapa, pamoja na mengine yanayoandamana nalo.

Hii chanjo inazuia kuhara kupi?

Inazuia kuhara kunakoletwa na virusi vya rota. Kuhara kuna visababishi vingi, lakini kabla ya chanjo rota ndiyo iliyoongoza duniani kwa kulaza watoto wadogo hospitali kwa kuhara kukali. Ilionekana kwa mara ya kwanza kwa watoto mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, Ruth Bishop na wenzake walipochunguza vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wanaharisha. Chini ya darubini kirusi hiki kinafanana na gurudumu, na rota kwa Kilatini ni gurudumu.

Tanzania iliizindua chanjo hii Desemba 2012, na kliniki zikaanza kuitoa Januari 2013. Ratiba iliyoanza nayo ni dozi mbili, wiki ya 6 na wiki ya 10.

Ni kweli inafanya kazi vizuri zaidi kwenye nchi tajiri?

Ni kweli, na sitaki kumficha mzazi yeyote. Utafiti uliofanyika nchi 6 za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba chanjo ya Rotarix ilipunguza kuhara kukali kwa rota kwa asilimia 96 katika msimu wa kwanza. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya chanjo hiyo hiyo kutoka Afrika Kusini na Malawi. Afrika Kusini ilikuwa asilimia 77. Malawi ilikuwa asilimia 49.

Chanjo nyingine, RotaTeq, ilipata asilimia 98 kwenye utafiti mkubwa uliofanywa zaidi Marekani na Finland. Ilipojaribiwa Ghana, Kenya na Mali, kwa karibu miaka miwili ikapata asilimia 39. Zile zilizotengenezwa India nazo, zilipojaribiwa India na Niger, hazikufika asilimia 70. Kwa hiyo tatizo halipo kwenye kiwanda kimoja wala nchi moja. Kila zinapokwenda mahali penye umaskini zaidi, kinga inapungua.

Asilimia 49! Sasa kuna haja gani ya kuamka alfajiri?

Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea.

Kwanza tuelewane hiyo asilimia ni nini. Haisemi kwamba watoto 49 kati ya 100 wamekingwa na 51 hawana chochote. Inalinganisha makundi mawili: chukua watoto waliochanjwa na wasiochanjwa walio sawa kwa idadi. Kama kwa wasiochanjwa wangeugua vibaya 100, kwa waliochanjwa wangeugua vibaya 51. Hesabu haijatuambia bado kwamba hao 100 wanatoka kwenye kundi la watoto wangapi. Na hilo ndilo linalobadilisha kila kitu.

Rudi kwenye ule utafiti wa Malawi na Afrika Kusini. Watafiti walihesabu pia chanjo ilizuia visa vingapi hasa vya kuhara kukali kwa rota. Kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa, kwa mwaka mmoja, Afrika Kusini iliepusha visa 42. Malawi, ile yenye asilimia ndogo, iliepusha 67.

Soma tena hiyo namba. Pale chanjo ilipokuwa "dhaifu" ndipo ilipookoa watoto wengi zaidi. Sababu yake haina uchawi: Malawi rota ilikuwa inawashika watoto wengi mno, kiasi kwamba nusu ya mzigo ule ilikuwa kubwa kuliko robo tatu ya mzigo wa Afrika Kusini. Mama lishe yeyote ataelewa. Nusu ya sufuria la wali wa msiba ni sahani nyingi kuliko sufuria zima la nyumbani.

Halafu kuna tofauti ya kile kinachoepushwa. Kabla ya chanjo kuanza Marekani mwaka 2006, rota ililaza hospitali watoto 55,000 hadi 70,000 kwa mwaka huko, lakini waliofariki walikuwa kati ya 20 na 60. Mtoto anaishiwa maji, anawekewa dripu, anapona. Kwetu mtoto akizidiwa saa nane usiku huko mwisho wa Mbagala, kwanza utafute bajaji, kisha hela, kisha ufike kwenye kituo chenye mtu anayeweza kupata mshipa wa mtoto aliyekauka. Mwaka 2016 rota ilikadiriwa kuua watoto wapatao 128,500 wa chini ya miaka 5 duniani, wengi mno wakiwa Afrika kusini mwa jangwa la Sahara. Kwa hiyo kisa kimoja kinachozuiwa hapa kina uzito mwingine kabisa na kisa kinachozuiwa Finland.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, likiwa limeshaona matokeo haya ya Afrika kabla hayajachapishwa, mwaka 2009 lilipendekeza chanjo hii kwa nchi zote, na likasisitiza zile ambazo watoto wengi wanakufa kwa kuhara.

Je, tunaletewa dawa ya daraja la pili?

Hapana. Rotarix tuliyoanza nayo mwaka 2013 ni chanjo ile ile iliyotumika kwenye utafiti wa Ulaya, yenye kirusi kile kile kilichodhoofishwa. Na tazama Afrika Kusini na Malawi: utafiti mmoja, bara moja, matokeo mbalimbali. Ingekuwa ni njama dhidi ya Waafrika, Afrika Kusini isingepata 77.

Matone ya polio yalitangulia kupita njia hii. Miaka ya 1970 huko Vellore, kusini mwa India, daktari T. Jacob John aliona kwamba watoto wa kule walihitaji dozi nyingi zaidi za matone ya polio ili kupata kinga ambayo watoto wa nchi tajiri waliipata kwa dozi chache. Chanjo moja ya kunywa ya kipindupindu nayo ilibidi iongezwe nguvu mara 10 ilipopelekwa Indonesia. Chanjo za kumeza zina tabia hii. Za sindano, kama ya pepopunda, hazisumbuki hivyo, kwa sababu hazilazimiki kupita tumboni.

Kwa nini basi matumbo ya watoto wetu hayaipokei sawa?

Hakuna sababu moja. Ziko kadhaa, zinabebana.

Ya kwanza inatoka kwa mama mwenyewe, na inatokana na jambo jema. Mama wa Tandale au Buguruni amekutana na rota mara nyingi maishani, kwa hiyo damu yake na maziwa yake yamejaa kingamwili, yaani askari wa mwili, za kupambana na rota. Mtoto anazaliwa akiwa amezirithi kupitia kondo la nyuma. Matone yanapoingia yakiwa na kirusi hai kilichodhoofishwa, kingamwili za mama zinakishambulia kabla mwili wa mtoto haujapata muda wa kukisoma. Mama wa Ulaya anazo pia, ila huwa kidogo zaidi.

Ya pili ni hali ya utumbo. Mtoto anayetambaa kwenye uwanja wenye kuku, anayekunywa maji ya kisima kilicho hatua chache kutoka chooni, anaokota vimelea kila siku. Huenda asiharishe, lakini ukuta wa utumbo unachubuka kidogo kidogo: vile vinyweleo vinavyonyonya chakula vinafupika, na utumbo unakaa katika hali ya uvimbe mdogo usioisha. Utumbo wa namna hiyo unapokea chakula kwa shida na chanjo kwa shida. Mtoto wa wiki 6 bado hajaanza kutambaa, hilo ni kweli, lakini vimelea vinamfikia kwa mikono yetu na vyombo vyetu mapema kuliko tunavyodhani. Utapiamlo nao unaongeza ugumu.

Ya tatu ni bakteria wanaoishi tumboni. Wale wa mtoto wa Manzese si wale wa mtoto wa Helsinki, na aina zao zinaonekana kuhusiana na namna chanjo inavyopokelewa. Hapa wanasayansi bado wanachimba.

Ya nne ni matone ya polio yanayotolewa siku ile ile. Virusi viwili vya chanjo vinagombania utumbo mmoja, na rota hushindwa kidogo, hasa dozi ya kwanza. Dozi ya pili huja kufidia sehemu kubwa. Tusitenganishe siku kwa sababu hiyo. Mama akiambiwa arudi wiki ijayo kwa ajili ya matone tu, nauli ikikosekana harudi, na mtoto anakosa vyote.

Ya tano ni wingi wa virusi vyenyewe. Mtoto wa kwetu anakutana na rota mapema, mara nyingi, na kwa kipimo kikubwa. Ngao ile ile inapigwa mishale mingi zaidi.

Kama maziwa yangu yana kingamwili, nisinyonyeshe siku ya chanjo?

Nyonyesha. Hilo limejaribiwa Afrika Kusini, India na Pakistan: kina mama waliombwa waache kunyonyesha kwa muda mfupi kabla na baada ya matone. Haikusaidia. Maziwa ya mama yanamkinga mtoto na kuhara kwa njia nyingi mno, hayafai kuchezewa.

Mwanangu alipata dozi zote mbili na bado ameharisha. Chanjo imeshindwa?

Inawezekana si rota kabisa. Chanjo haigusi kuhara kwa shigela (bakteria wa kuhara damu), wala kwa bakteria wa chakula kilicholala, wala kwa virusi vingine. Na ikiwa ni rota, mtoto aliyechanjwa kwa kawaida huharisha kwa wepesi zaidi. Kazi kubwa ya chanjo ni kuzuia ule ukali unaomkausha mtoto. Kuharisha siku mbili huku anacheza na ananyonya siyo ugonjwa ule niliouona zamani kwenye wodi ya watoto, mtoto amelala macho nusu wazi na utosi umebonyea.

Cha kufanya nyumbani: ORS, ule unga wa pakiti unaochanganywa na maji, na zinki. Soma pakiti ya ORS kwanza, kwa sababu nyingi ni za lita 1 lakini zipo za nusu lita. Kama huna kipimo, kwa pakiti ya lita 1 chupa ya maji ya kunywa ya lita 1 inatosha, au mbili za mililita 500. Usiikadirie kwa kikombe, na usiigawe pakiti nusu leo nusu kesho. Mpe mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee. Zinki ni siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu: miligramu 20 kwa siku kwa aliyezidi miezi 6, nusu yake kwa aliye chini ya hapo. Endelea kunyonyesha na kulisha.

Kimbia kituoni ukiona macho yamezama, analia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hawezi kunywa, amelegea, au choo kina damu.

Lakini huyu anaota meno tu. Au ni meno ya plastiki?

Nimemshika mtoto aliyeletwa ufizi umekatwa, ana homa, na kuhara kumebaki pale pale. Bibi yake alimpeleka kwa mtu wa kung'oa "meno ya plastiki" kwa nia njema kabisa, akiamini ndiyo yanayomharisha. Kile kivimbe cheupe kwenye ufizi ni jino la kawaida linalokua. Rota huwapata watoto kwenye miezi ile ile ambayo meno yanakaribia kutoka, ndiyo maana wazee wetu waliviunganisha. Nakuombeni sana, mtoto anayeharisha msimpeleke kwenye wembe. Mpeni ORS.

Tukipata maji safi na vyoo, hatutahitaji chanjo?

Tutahitaji vyote. Maji ya bomba yasiyokatika, na mifereji isiyofurika kila mvua za masika zinaposhuka bonde la Msimbazi, vitapunguza kuhara kwa bakteria sana. Rota ni mkaidi zaidi. Kabla ya chanjo, hata kwenye nchi zenye maji safi na vyoo vya kuvuta kila nyumba, karibu kila mtoto aliambukizwa rota kabla ya kutimiza miaka 5. Chembe chache tu zinatosha kuambukiza, na hukaa siku kadhaa juu ya meza na vitu vya kuchezea. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumsafisha mtoto kunasaidia, ila hakuimalizi.

Nasikia inasokota utumbo. Ni kweli?

Hofu hii ina historia ya kweli. Chanjo ya kwanza ya rota, RotaShield, ilianza Marekani mwaka 1998 na kuondolewa mwaka 1999, baada ya kuonekana kwamba karibu mtoto 1 kati ya 10,000 alipata tatizo la utumbo kujichomeka ndani ya utumbo. Za sasa ni nyingine. Kwenye nchi tajiri tatizo hilo bado huonekana, kati ya watoto 1 na 6 kwa kila 100,000. Kwetu lilifuatiliwa katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha ongezeko baada ya chanjo.

Bado, mtoto akilia kwa vipindi huku anakunja miguu, akatapika, au akatoa choo chenye damu kama jeli, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, awe amechanjwa au hajachanjwa.

Kinga inadumu muda gani?

Hapa pia kuna tofauti. Nchi tajiri kinga inashika vizuri hata mwaka wa pili. Kwenye utafiti wa Ghana, Kenya na Mali ilikuwa asilimia 64 mwaka wa kwanza, ikashuka hadi karibu 20 mwaka wa pili. Kinachotupa nafuu ni kwamba kwetu rota huwahi: wengi wanaougua vibaya huugua kabla ya kutimiza mwaka, wakati kinga bado ina nguvu. Ndiyo maana nawasumbua kina mama kuhusu wiki ya 6. Ukichelewa miezi miwili, umechelewa katika kile kipindi ambacho chanjo ina faida kubwa kuliko vyote.

Kuna juhudi gani za kuiboresha?

Zipo, na nyingine zimekwama. Chanjo ya rota ya sindano, isiyopita tumboni, ilijaribiwa Ghana, Zambia na Malawi, lakini haikuonekana kuwa bora kuliko matone, ikasimamishwa. Njia inayonipa matumaini ni ya kumchanja mtoto siku chache tu baada ya kuzaliwa. Indonesia walijaribu chanjo iitwayo RV3-BB kwa njia hiyo, na matokeo ya mwaka 2018 yalikuwa asilimia 75 hadi mtoto anapofika miezi 18. Kwa nchi yenye hali kama zetu hiyo ni namba kubwa.

Mexico ilianza chanjo ya rota mwaka 2006, na kufikia 2008 vifo vya kuhara vya watoto chini ya miaka 5 vilikuwa vimeshuka kwa asilimia 35 kulinganisha na miaka ya kabla ya chanjo. Walitumia Rotarix, ile ile tuliyoanza nayo sisi, bila kusubiri iliyo kamili.

Inakinga kipindupindu pia?

Haikingi. Nawakumbusha mliokuwepo Dar Agosti 2015, mlipuko ulipoanzia Kinondoni: kile kilikuwa kipindupindu, ugonjwa wa bakteria, wenye chanjo yake ya kunywa, ambayo hutolewa kuanzia umri wa mwaka 1 na zaidi wakati wa mlipuko. Nayo huwakinga watoto wadogo kwa kiasi kidogo kuliko watu wazima. Kolkata, India, kwa miaka 5 ilikinga asilimia 65 kwa ujumla, na 42 kwa watoto wa chini ya miaka 5.

Mtoto akitema matone je?

Mwambie nesi palepale, yeye ndiye ataamua kama arudie. Namna ninavyofanya mimi: mama anamlaza mtoto mkononi kichwa kikiwa juu kidogo, nabonyeza mashavu taratibu, nadondosha ndani ya shavu, nasubiri ameze, naongeza. Dozi ya Rotarix ni mililita 1.5 tu na ina utamu, wengi hulamba midomo. Matone huja kwanza, sindano baadaye, maana mtoto akishalia hamezi.

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anapewa?

Ndiyo. Imechunguzwa kwa watoto wenye VVU Afrika Kusini na ikaonekana salama. Wasiopewa ni wachache, kama mwenye upungufu mkubwa wa kinga wa kuzaliwa nao, na aliyewahi kupata lile tatizo la utumbo kujichomeka.

Nimepoteza kadi ya kliniki. Nifanyeje?

Njoo na mtoto. Tutatafuta jina lake kwenye rejista kwa mwezi aliozaliwa, na kama alichanjiwa kituo kingine tutawapigia simu. Njoo mapema, kabla ya saa nne, na usiache kuja kwa kuogopa kugombezwa.